Uso wa Tairi na Ubavu Wake

Magari ya magurudumu manne yanayoteremshwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, baada ya kutumika Japani kwa miaka kadhaa, huja yamevaa matairi yaliyochaguliwa na mtu mwingine, kwa njia nyingine na kwa hali nyingine ya hewa. Na mwenye gari mpya, ambaye amekwisha kuichunguza injini, viti, rangi na karatasi za forodha kwa uangalifu unaostahili sifa, aghalabu huyapokea matairi kama alivyoyakuta, bila ya kuyauliza habari zake. Baadhi ya hayo ni matairi ya theluji, yaliyochapwa ubavuni neno STUDLESS, ambayo mpira wake ulilainishwa kwa makusudi ili usikakamae katika baridi ya Hokkaido, na kwa sababu hiyo hiyo hulika kwa haraka ya ajabu juu ya lami ya Chalinze wakati wa kaskazi. Siku matairi hayo yatakapokwisha ndiyo siku mwenye gari atakapofanya uteuzi wake mwenyewe kwa mara ya kwanza, na uteuzi huo, hasa wa yule anayetaka tairi moja litakalomchukua juu ya lami, changarawe, mchanga na tope bila ya kumfedhehesha, ndio madhumuni ya sura hii.

Rai nitakayoitetea ni kwamba wanunuzi wetu huutazama mno uso wa tairi, yaani zile kashata zake nene na mifereji iliyo baina yao, na huutazama kidogo mno ubavu wake, ilhali uso ni sehemu ambayo kila kiwanda huweza kuipamba, na ubavu ndipo palipoandikwa tairi hilo ni la namna gani, lilitengenezwa lini na litabeba kiasi gani, na ndipo ambapo, katika njia zetu za mawe, tairi hufa kabla ya wakati wake. Aingiaye dukani akachagua kwa uso peke yake ameacha nje ya hesabu yake sehemu ile ile itakayomlaza njiani.

Udhaifu wa ubavu una historia yake. John Boyd Dunlop, Mskoti aliyekuwa daktari wa wanyama mjini Belfast, alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, na hataza akaipata mwaka 1888; na katika miaka iliyofuata, mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili, matairi ya magari yalijengwa kwa jumla kwa namna moja, tabaka za nyuzi zikipishana mshazari, moja juu ya nyingine, kutoka ukingo hadi ukingo, hata ubavu ukawa mnene na mgumu. Ndivyo yalivyokuwa matairi ya Land Rover ya kwanza iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948: membamba, ya inchi sita, yenye kumtingisha abiria mpaka mifupa, lakini yasiyochanika upesi. Wakati huo Michelin wa Ufaransa walikuwa wamekwisha kuandikisha, mwaka 1946, hataza ya ujenzi mwingine ambao leo hutambulikana kwa herufi R iliyomo katika kipimo cha tairi: nyuzi za kiwiliwili hupita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na chini ya uso hufungwa mishipi ya waya wa chuma. Kwa ujenzi huo tairi hukanyaga ardhi kwa utulivu, halipati joto upesi, hudumu zaidi na hupunguza matumizi ya mafuta. Ila mishipi ya chuma huulinda uso tu, na ubavu, uliobakiwa na tabaka moja au mbili za nyuzi, ukawa laini. Ulaini huo ni neema juu ya lami, na baina ya mawe ni hatari. BFGoodrich wa Marekani walipotoa tairi lao la All-Terrain T/A mwaka 1976 waliuleta ujenzi wa R katika matairi ya njia zote ya magari ya kazi, na viwanda vikubwa vingine vikafuata. Na kazi ngumu kuliko zote iliyowakabili mafundi wa viwanda hivyo, kazi ambayo mnunuzi haioni kwa macho, imekuwa ni kuurudishia ubavu nguvu zake bila ya kuurudishia ugumu wake wa zamani.

Iko sababu ya pili ya kutaka mnunuzi wa leo awe msomaji. Kiwanda cha General Tyre kilichokuwa Arusha kilisimama mwaka 2009, na kile cha Nairobi kilichotoa matairi ya Yana kilizima mitambo yake mwaka 2016, kwa hiyo matairi mapya yanayojaa katika maduka yetu yametoka ng'ambo, Thailand, China, India, Japani na kwingineko, yakiwa yamekusudiwa masoko ya nchi nyingi kwa pamoja. Matairi ya jina moja na uso mmoja huweza kuwa na viwiliwili viwili au vitatu tafauti, kimoja chepesi cha gari la familia na kingine kizito cha gari la mzigo, na yote yakapangwa katika rafu moja. Muuzaji mwaminifu na mjuzi atakueleza tafauti hiyo. Mwaminifu asiyejua hawezi kukueleza. Lakini maandishi ya ubavuni humweleza kila anayeinama kuyasoma.

Hata hivyo uso hauwezi kudharauliwa, na yafaa kuanza nao. Matairi ya magari makubwa hugawanyika katika jamaa tatu. Liko tairi la lami, lenye mifereji myembamba na kashata zilizoshikamana, lisilopiga kelele. Liko tairi la tope, lenye kashata kubwa zilizotengana, linalonguruma juu ya lami mpaka mazungumzo ndani ya gari yakawa mashaka. Na baina yao limesimama tairi la njia zote, lenye mifereji mipana kiasi, kina chake kikifika milimita 12 au 13 katika aina zilizo nzito, na juu ya kashata zake zimekatwa chale nyembamba ambazo kazi yake ni kuipangusa njia yenye maji na kuishika. Ukitazama ndani ya mifereji ya tairi lililobuniwa kwa akili utaona pia vituta vidogo vya mpira. Hivyo huyasukuma mawe yatoke kabla hayajachimba na kuifikia mishipi ya chuma, na kwa mtu anayeishi mwisho wa njia ya changarawe vituta hivyo vina thamani kubwa kuliko mapambo yote yaliyo mabegani mwa tairi.

Lakini kila nafasi iliyoachwa wazi baina ya kashata ni mpira uliopunguzwa katika kuikanyaga lami, na mpira ule ulioimarishwa ili usikatwe na mawe kwa kawaida haushiki lami iliyolowa kama ushikavyo mpira wa tairi la lami. Dereva anayeteremka mlima wa Kitonga chini ya mvua, malori mbele yake na malori nyuma yake, sharti ajue kwamba kwa matairi ya njia zote gari lake litataka nafasi ndefu zaidi ya kusimama kuliko lilivyokuwa likitaka zamani, na aendeshe kwa kulizingatia jambo hilo. Ataongezewa pia kelele kidogo na gharama kidogo ya mafuta. Kwa hiyo sioni haya kusema kwamba wengi wanaoyanunua matairi haya hawayahitaji: ikiwa njia yako ni Mbezi hadi Posta, na shamba hulitembelea wakati wa kiangazi kwa njia ya changarawe iliyochongwa vizuri, basi tairi zuri la lami litakutumikia kwa usalama mkubwa zaidi, na fedha iliyobaki itafaa kwa breki.

Upande wa pili uko upotofu mwingine, nao ni wa kudhani kwamba tairi la njia zote ni tairi la tope. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaotandaa katika nchi ya Usukuma, katika bonde la Wembere, katika sehemu za Serengeti na katika nyanda za Athi na Kapiti kule Kenya, hufumka unapopata maji, ukagandamana na mpira, ukajaza mifereji yote kwa mizunguko michache ya gurudumu; na tairi lililojaa udongo huo halina tena uso wowote, ni duara laini linalozunguka mahali pamoja. Tairi la tope hujitahidi zaidi, maana nafasi zake pana huyarusha mabonge nje gurudumu likizunguka kwa kasi, lakini nalo lina kikomo, na wenyeji wa mbuga, ambao ujuzi wao katika jambo hili hauna wa kuushinda, husimama wakangoja jua. Katika udongo mwekundu wa milima ya Usambara na Uluguru mambo ni mepesi kidogo, kwa sababu chini ya utelezi aghalabu kuna ardhi ngumu, na tairi jembamba lenye chale nzuri huweza kuifikia. Tairi la njia zote lina ubora wake hasa katika changarawe, katika mchanga na katika mawe. Na kwa kuwa njia nyingi zisizo na lami katika nchi zetu ni za namna hiyo kwa sehemu kubwa ya mwaka, tairi hili lina haki ya kupendwa, maadamu mpenzi wake anajua mipaka yake.

Sasa tuufikie ubavu. Katika njia ya Engaresero, chini ya Ol Doinyo Lengai kuelekea ziwa Natron, na hali kadhalika katika jangwa la Dida Galgalu kaskazini ya Marsabit, ardhi imefunikwa na mawe ya volkano yenye makali, na hapo tairi haliumii kwa kukanyaga mwiba bali kwa kupita ubavu wake kandokando ya jiwe, ama kwa kubanwa ghafula baina ya jiwe na rimu, nyuzi zikakatika ndani hata kabla mpira wa nje haujaonyesha alama. Jeraha la uso, likiwa dogo, huzibwa na fundi wa pancha na safari ikaendelea. Jeraha la ubavu halizibiki kwa usalama, kwa maana sehemu hiyo hukunjwa na kukunjuliwa kila gurudumu linapozunguka, na hakuna kiraka kitakachovumilia mateso hayo katika mwendo wa barabara kuu. Ukiona uvimbe ubavuni mwa tairi, jua kwamba nyuzi za ndani zimekwisha kukatika na kilichobaki kuuzuia upepo ni mpira mtupu. Tairi hilo litolewe siku ile ile.

Kinga ya jambo hili hununuliwa dukani, na imeandikwa. Kipimo kikitanguliwa na herufi LT, tairi limejengwa kwa ajili ya gari jepesi la mzigo, kiwiliwili chake kikiwa na nguvu zaidi. Na baadhi ya matairi hayo yana tabaka tatu za nyuzi ubavuni badala ya mbili, jambo ambalo kiwanda hulichapa katika mstari ule unaotaja idadi ya tabaka za uso na za ubavu, maandishi madogo ambayo watu hawayasomi. Mafundi wetu huhesabu kwa plai: herufi C ni plai 6, D ni plai 8, E ni plai 10, na hesabu hii siku hizi ni kipimo cha nguvu tu, haina maana kwamba ukilikata tairi utazikuta tabaka kumi. Wako wauzaji wanaomsukumia kila mteja tairi la E kwa kuwa ndilo kubwa. Mimi siwafuati. Tairi la E ni zito, huupigisha hodi kila mkunjo wa changarawe mpaka ndani ya viti, huchosha shoka-absoba, na katika gari tupu linalobeba watu wawili na mikoba yao halipati kamwe mzigo uliokusudiwa kwake. Kwa mwenye kupakia mapipa ya maji, mafuta ya akiba na hema juu ya paa la gari lake, akaenda nalo Natron au jangwa la Chalbi, tairi hilo ni la lazima. Kwa mwenye gari la familia linaloingia vumbini mara kwa mara, la C au la kawaida lenye ubavu mzuri litatosha.

Mfano wa kusoma utafaa kuliko maelezo mengi. Hilux na Prado nyingi zilizo barabarani huvaa tairi lililoandikwa 265/65R17 112S. Upana wake ni milimita 265. Kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 172. R tumekwisha kuieleza. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Nambari 112 ni ya mzigo, na katika jedwali linalotumika ulimwenguni maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja likiwa na upepo wake kamili. S ni mwendo, kilomita 180 kwa saa. Tairi la LT la plai 10 lenye nambari 121 hubeba kilo 1,450. Mnunuzi na azitafute nambari za gari lake katika kibandiko kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kisha asikubali kamwe tairi lenye nambari ya mzigo iliyo ndogo kuliko ile, hata likiwa na uso mzuri namna gani na bei nyepesi namna gani, kwa kuwa mzigo uliozidi huzaa joto, na joto ndilo liyapasuayo matairi katika safari ndefu za mchana. Herufi ya mwendo si nzito kama hiyo. Tairi la Q, lililopimwa kwa kilomita 160 kwa saa, lina mwendo wa kutosha kwa mtu mwenye akili timamu, ijapokuwa si vyema kushuka chini ya agizo la aliyetengeneza gari. Matairi yasiyo ya LT yaliyokusudiwa pia soko la Marekani huwa na neno TEMPERATURE likifuatwa na A, B au C, nayo A ndiyo inayolihimili joto zaidi. Katika nchi zilizo chini ya Ikweta sioni kwa nini mtu anunue tairi lenye C hiyo ya joto. Ama ile alama ya mlima wenye chembe ya theluji, inayoonyeshwa na wauzaji kama cheti cha ubora, ni ushahidi wa kufaa katika theluji, na msafiri wa Singida hana haja ya kuilipia.

Kuhusu ukubwa, wengi hutamani tairi refu kuliko lile la asili, kwa ajili ya kimo na sura. Tamaa hii si haramu, ila ina hesabu. Ukiacha 265/65R17, ambayo kipenyo chake ni milimita 776, ukachukua 265/70R17, ambayo ni milimita 803, tumbo la gari litainuka kwa nusu ya tafauti hiyo tu, yaani milimita 13. Na saa ya mwendo itakuwa inasema 100 hali gari linakwenda kilomita 103 na zaidi kidogo. Hilo lavumilika. Ukipanda juu zaidi, gurudumu litaanza kukwaruza bodi gari linapokata kona, injini itaona uzito wa kulizungusha, breki nazo zitataka nguvu zaidi, na gurudumu la akiba halitaingia mahali pake. Upana nao una hoja yake: madereva wengi wa kazi walioshikamana na tairi la 7.50R16 katika pikapu za Land Cruiser wana sababu nzuri, kwani tairi jembamba hulipasua tope na kuifikia ardhi ngumu, na kwa kuwa malori madogo nayo hutumia kipimo hicho, hupatikana hata katika miji ambako duka la matairi ni kibanda kimoja. Mwenye rimu za inchi 20 huenda akakesha Mpanda au Lodwar akingoja tairi liletwe kwa basi. Kabla ya kuchagua kipimo, uliza kinapatikana wapi katika njia unayoipita; swali hili ni la maana kuliko rangi ya maandishi ya ubavuni.

Upepo ningeweza kuuandikia sura peke yake. Hapa nitasema machache yanayomhusu aliyebadili matairi. Agizo la kibandiko cha mlangoni, tuseme ratili 32 kwa inchi mraba, kipimo ambacho gaji huandika kwa herufi PSI, lilihesabiwa kwa tairi la asili. Tairi la LT huhitaji upepo mwingi zaidi ili libebe mzigo ule ule, na aliyefunga matairi ya LT akaendelea kuyajaza ratili zile zile za zamani amejinunulia ubavu wenye nguvu kisha akauchosha kwa kuukunja kupita kiasi. Aulize jedwali la kiwanda, aongeze. Upimaji uwe asubuhi kabla ya safari, kwa sababu tairi lililosoma ratili 36 likiwa baridi huweza kusoma 40 na zaidi saa nane mchana, na dereva anayetoa upepo wakati huo kwa kudhani umezidi atalikuta tairi limelegea kesho yake. Katika mchanga mambo hugeuka: upepo ukishushwa hadi ratili 18 hivi, tairi hurefuka pale linapokanyaga, likaelea juu badala ya kuchimba, na hili hulijua vyema Waswahili wa Oman wanaokwenda na jamaa zao katika matuta ya Wahiba, ambako hakuna aingiaye bila ya pampu ya kurudishia upepo. Mwendo katika hali hiyo uwe wa taratibu, na lami isikanyagwe kabla ya tairi kujazwa tena. Kumbuka pia kwamba tairi lililolegezwa hutoa ubavu wake nje zaidi. Kwa hiyo linalofaa mchangani huwa ni kosa baina ya mawe makali, isipokuwa kwa kupunguza ratili chache tu na kwenda polepole.

Umri wa tairi umefichwa katika tarakimu nne za mwisho za mstari unaoanza na herufi DOT. Zikisoma 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tarakimu tatu tu, lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hilo halina haki ya kuwamo barabarani. Aghalabu mstari mzima wenye tarakimu hizo huchapwa ubavu mmoja tu, ambao ukifungwa upande wa ndani mnunuzi hatauona asipoingia chini ya gari. Mpira huzeeka hata usipotumika, na joto na jua huuharakisha. Viwanda vingi huagiza kwamba baada ya miaka mitano tairi lichunguzwe kila mwaka, na likifika miaka kumi litolewe, hata likionekana zima. Kwa sababu hii matairi ya mtumba yananitia hofu kuliko bidhaa nyingine yoyote ya mtumba: uso wake huweza kuwa na kina kizuri, hali mpira umekwisha kukauka na kufanya nyufa nyembamba kandokando ya ubavu. Anayelazimika kuyanunua kwa uchache wa fedha na asome tarakimu, aukunje ubavu kwa mikono miwili atazame nyufa, apapase ndani kutafuta viraka na nundu. Na ajue kuwa kile kituta kidogo kilicho chini ya mfereji, kinachoonyesha kwamba tairi limekwisha, kina milimita 1.6 tu, ambayo kwa gari zito katika mvua ya masika ni kidogo mno. Gurudumu la akiba nalo huzeeka pale linaponing'inia chini ya gari, na wengi hulikumbuka siku ya kulihitaji.

Nunua manne kwa pamoja, na ukiweza, matano. Prado, na kila gari ambalo magurudumu yake manne husukuma wakati wote, halivumilii vipenyo tafauti baina ya mbele na nyuma. Difu ya katikati hufanya kazi isiyokoma ya kusawazisha tafauti hiyo, ikachoka kabla ya wakati, na gharama ya kuitengeneza hupita bei ya matairi. Ukiwa huna budi kununua mawili, na gari lako si la namna hiyo, mapya yafungwe nyuma, maana mkia wa gari ukiteleza katika mvua dereva wa kawaida hana tena la kufanya. Fundi atie vali mpya, asawazishe magurudumu na kupima alaimenti, na wewe uzikaze nati tena baada ya kilomita mia moja za kwanza. Kisha yahamishe matairi kutoka mbele kwenda nyuma kila kilomita 8,000 au 10,000, la akiba likiwemo katika mzunguko, ili yaishe kwa pamoja na uteuzi unaofuata uwe huru.

Hukumu yangu, kwa mtu ambaye nusu ya njia yake ni lami na nusu ni vumbi, na mzigo wake ni wa kadiri, ni tairi la njia zote la kipimo cha asili cha gari lake, lenye mifereji ya wastani na chale nyingi, nambari ya mzigo isiyopungua ile ya kibandiko, na tarakimu za mwaka huu au mwaka uliopita. Na kwa yule ambaye kazi yake humpeleka mara kwa mara katika mawe, LT yenye tabaka tatu ubavuni, hata ikimlazimu kungoja mwezi mmoja apate fedha ya kutosha. Fedha ikipungua, punguza jina kubwa la kiwanda kabla ya kupunguza nguvu ya kiwiliwili. Nakuomba, msomaji, usilipe kabla hujainama ukasoma. Na mwenye duka asiyekuruhusu kuyageuza matairi yake uyasome pande zote mbili, mwachie matairi yake uende duka jingine.